Ijumaa Nilipogusa Mashine ya Bishar

Tulimzika Madam Wanza kwenye shamba lake nje ya mji wa Kajiado, siku ya vumbi jingi na hotuba nyingi. Nilikuwa nimeishika kofia yangu kwa mikono miwili isipeperuke niliposikia mtu nyuma yangu akisema kwa sauti ya chini, "Leshan, umenona wewe." Sikuhitaji kugeuka. Ni Bishar peke yake ambaye angeweza kumsalimia mtu hivyo makaburini, na ni Bishar peke yake ambaye kwa miaka mingi nilikuwa nimeomba nikutane naye na nisikutane naye kwa pumzi moja. Alikuwa amepungua mwili, ndevu zimeingia hina, miwani imekuwa minene. Tulisimama bega kwa bega huku wasifu wa marehemu ukisomwa: mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi, mama mkali, aliyewachimbia watu visima kutoka Isinya mpaka karibu na Magadi. Msomaji alipofika kwenye kisima cha Oltepesi alisema kwamba mahali pake palipatikana kwa kompyuta, na watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Bishar alinikanyaga mguu kidogo, kama tulivyokuwa tukikanyagana zamani Madam akisema jambo la kuchekesha bila kujua. Mimi sikuweza kucheka. Nimekula mshahara maisha yangu yote kwa sababu ya kompyuta ile, yeye akakosa kazi kwa sababu ya kompyuta ile ile, na sababu yake nilikuwa nimeibeba moyoni tangu ujana.

Mwaka ninaouzungumzia nilikuwa na miaka ishirini na minne, na kazi yangu ilikuwa kukaa katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la vitambaa pale Noonkopir, Kitengela, nikitazama mashine ikikataa. Duka lilikuwa la mjomba wake Bishar, ambaye sote tulimwita Abti kama Bishar alivyomwita. Chumbani mlikuwa na majora ya vitambaa yaliyopangwa mpaka darini, meza ndefu ya kukatia nguo yenye rula ya chuma iliyopigiliwa ukingoni, na juu ya meza hiyo kompyuta ya mtumba ya Bishar iliyotoka Nairobi, ubavu mmoja umefunguliwa ili feni ya kawaida ya nyumbani iipulizie. Uvumba uliofukizwa dukani kila asubuhi ulishika kwenye nguo zangu mpaka mama mwenye nyumba wangu akaanza kuniuliza kama nimebadili dini. Nilikipenda chumba kile kuliko vyumba vyote nilivyofanyia kazi baadaye, pamoja na ofisi yangu yenye zulia.

Kazi tuliyopewa na Madam Wanza ilikuwa moja. Shirika fulani lilikuwa limekubali kupeleka mtambo wa kuchimba maji Oltepesi, kwenye barabara ya Magadi, kwa ajili ya familia za wafugaji zilizokuwa zikiteka maji mbali. Mtambo ungekuja mara moja, uchimbe shimo moja, uondoke. Pa kuchimba pangechaguliwa na Madam, na Madam alikuwa amechoka kubahatisha. Alitaka tutumie programu ya kuigiza mwendo wa maji ardhini: unaipa tabaka za mawe, mvua na miinuko, nayo inakuonyesha maji yanakusanyika wapi. Programu ilikuwa ya bure, lakini ilikuja ikiwa maandishi matupu, yaani mapishi bila chakula, na ilitubidi tuijenge wenyewe kwenye mashine kabla ya kuiendesha. "Nyinyi wawili kwa karatasi mko sawa," Madam alituambia siku ya kwanza, amesimama mlangoni kwa sababu viti vilikuwa viwili tu. "Lakini Kajiado niko na nafasi moja ya kudumu. Hii kazi ikiisha nitachukua mmoja." Alipoondoka tukatazamana. Bishar akasema, "Basi utakuwa unaniletea chai ofisini," nami nikamwambia hiyo chai ataisikia tu. Tulicheka sana. Nilimpenda Bishar, na nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Programu kubwa ya namna ile haijitoshelezi. Huazima kazi kutoka kwa vipande vilivyokwisha kutengenezwa na watu wengine, ambavyo watu wa kompyuta huviita maktaba: kimoja cha kupiga hesabu, kimoja cha kusoma ramani, kimoja cha kuandika majibu. Wa kuvitafuta vyote na kuvifunga pamoja ni kitu kinachoitwa linka, na linka yetu ilikuwa kaidi. Ilisema haioni maktaba ya ramani. Sisi tuliiona kwa macho yetu, imelala kwenye folda ya Bishar, ameijenga mwenyewe kwa siku mbili. Linka haioni. Tulipoielekeza kwingine ikaacha hilo, ikaanza kulalamika kwamba kuna kazi zimetajwa na hazijulikani zilipo, mistari ikiteremka kwenye skrini mpaka macho yakauma. Wenzangu wa rika langu wangekasirika. Mimi lile jambo lilinishika kama ugonjwa. Kitu kinawezaje kuwepo na kisionekane? Nilitaka kujua linka hutafuta wapi kwanza, wapi baadaye, na nani aliyeipangia hivyo. Nilikuwa nikitembea kwenda nyumbani jioni nikiwaza folda, nikapita nyumba yangu mara mbili.

Ni Bishar aliyenieleza, siku moja akimega anjera, ule mkate laini wa Kisomali, kwa vidole vitatu. "Sikia. Linka ni kama mtu umemtuma uzi mweupe. Umempatia list ya maduka, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anaingia ya kwanza. Akipata uzi mweupe anarudi. Kama ni uzi mbovu hiyo si shida yake. Hafiki duka ya pili kulinganisha."

"Na akikosa kwa maduka yote?"

"Anarudi kukutukana."

Alikuwa na utaratibu wake ambao mpaka leo sijaona mzuri kuliko huo. Alianza na kosa la kwanza kila mara, hata likiwa limefuatwa na mengine mia, kwa sababu alisema hayo mengine ni kelele za lile la kwanza. Alibadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Na hakuna kitu kilichoguswa kabla hakijaandikwa kwenye daftari lake la mistari, upande wa kushoto mashine imesema nini, upande wa kulia sisi tumefanya nini, na jina la aliyefanya. Mimi nilikuwa mtu wa kubadilisha vitu vitatu kwa mpigo nione kutatokea nini. Alikuwa akiniangalia nikifanya hivyo kama mtu anayetazama mgeni akinawia maji ya kunywa.

Saa saba mchana chakula kililetwa kwenye sinia. Siku ya kwanza kuona tambi zimewekewa ndizi mbivu pembeni nilidhani ndizi ni ya baadaye, nikaiacha, na Abti akaniuliza kama nina vidonda vya tumbo. Kufikia wiki ya pili nilikuwa nikiimenya kabla ya kukaa. Kati yetu na duka palikuwa na pazia tu, kwa hiyo tulikula tukisikiliza. Wanawake waliotoka kuuza mbuzi waliingia kutafuta shuka na leso, wakasalimiana na Abti kwa Kimaa, naye akajibu Kimaa kilichonyooka kuliko changu, jambo ambalo hakuacha kunitania nalo. Siku moja tulimsikia mteja akimuuliza ni nini kinachovuma kule ndani.

"Ni vijana wawili na feni," Abti akasema.

"Wanafanya nini?"

"Wanatafuta maji."

"Ndani ya stoo yako?"

"Wiki ya tatu sasa."

Bishar alipaliwa na chai ya maziwa ya ngamia, nikampiga mgongoni, na kwa alasiri nzima kila kosa jipya lilipotokea mmoja wetu alisema, "Ndani ya stoo yako?" Nikikumbuka mwaka ule hiki ndicho kinachokuja kwanza, kicheko kile, na ndiyo maana yaliyofuata yanaudhi zaidi.

Wiki ya nne tulikuwa tumebaki na kosa moja, lile lile la kwanza: maktaba ya ramani haionekani. Siku ya Ijumaa duka lilifungwa saa sita na nusu, Abti na Bishar wakaenda msikitini, nami nikabaki ndani kama kawaida kungoja. Asubuhi hiyo Madam alikuwa amepiga simu, akaongea na Bishar kwa muda mrefu, akakata bila kuniulizia. Nilikuwa na wivu, siwezi kuuita kwa jina zuri. Mfukoni nilikuwa na flash kutoka maabara ya chuo, ambamo nilikuwa nimenakili maktaba ile ile ya ramani lakini toleo la zamani, kwa sababu enzi hizo kushusha faili kubwa kwenye saiba ya Kitengela kungekukuta umezeeka. Sisi sote tulibeba maktaba mfukoni namna hiyo, kutoka mashine hadi mashine, bila kujua zilitoka wapi. Nikawaza: je, nikiiweka hii kwenye folda ya mfumo, ambako linka hupita hata usipoituma, itaiona? Nilitaka kuona tu. Naapa nilitaka kuona tu. Nikainakili, nikabonyeza, nikakaa nikisikiliza feni. Dakika zikapita. Mistari ikateremka kwa utulivu, ikafika mwisho, na hapakuwa na kosa hata moja.

Nilikusudia kuitoa kabla hawajarudi. Lakini nilibaki nikiitazama ile skrini safi, na nikasikia shata la duka likipandishwa, na Bishar akaingia ananukia marashi, akasimama.

"Umefanya nini?"

Nikamwambia nimehamisha jina la maktaba ya ramani nikaliweka mwisho wa mstari wa amri. Haukuwa uongo wa kijinga. Linka nyingi hujali mpangilio wa majina, na yeye ndiye aliyenifundisha hivyo. Alinikumbatia. Akafungua daftari, akaandika uongo wangu kwa mwandiko wake mzuri, akaweka jina langu mbele yake, akampigia Madam. "Leshan ameiweza," alisema, na furaha iliyokuwa kwenye sauti yake ilikuwa ya kweli kabisa.

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda kwa kasi. Programu iliendeshwa siku mbili mfululizo ikatoa ramani ya buluu na nyeupe, buluu ikiwa maji. Madam aliichapisha juu ya ramani yake ya eneo, akaweka alama nyekundu kusini mwa korongo, na mtambo ukaagizwa uje Jumatatu ya wiki iliyofuata. Jumatano tulipanda gari lake sote watatu, tukateremka Oltepesi kuionyesha kamati ya maji. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mmoja mwenye hoteli ndogo pale senta, Yeyo Nashipae, na tulimkuta akisukuma chapati.

"Yeyo, takwenya," nikamwamkia kwa Kimaa.

"Iko," akaitikia. "Keti. Chai inakuja."

Akafuta mikono nusu nusu, akakunjua ramani mezani. "Hii blue ni maji?"

"Ndiyo, Yeyo," nikasema. "Ikikolea sana ni maji mengi."

"Na hapa mwekundu?"

"Hapo ndio tutachimba," Madam akasema.

Yeyo Nashipae aliweka kidole chenye unga karibu kabisa na alama nyekundu. "Hapa kuna shimo tayari. Kavu. Watu walikuja na mashine, wakachimba mpaka wakachoka, wakafunika na jiwe wakaenda."

Madam akaweka kikombe chini. "Mbona sijaiona kwa rekodi yoyote?"

"Nani anaandika shimo kavu?" Yeyo akauliza, na alikuwa akiuliza kweli, alitaka kujua. "Na huku juu mmeweka nyeupe ndio mbuzi zangu zinakunywa. Unafukua mchanga na mkono tu, hata kiangazi."

Bishar aliivuta ramani ya maji ambayo haikuwa imechapishwa juu ya nyingine, akaitazama, akaigeuza taratibu mpaka kusini ikawa juu. Buluu yote ilihamia walikonywea mbuzi. Kisha akaniangalia, na usoni mwake hapakuwa na lawama, palikuwa na udadisi ule ule tuliokuwa nao sote wawili mwezi mzima. Mimi nikaanza kukoroga chai yangu.

Alasiri hiyo hiyo tulikuwa Noonkopir. Bishar aliandika amri moja inayoiuliza programu kila maktaba yake imetoka wapi, na jibu likawa wazi: ya ramani haikutoka kwenye folda yake, ilitoka kwenye folda ya mfumo. Kulikuwa na maktaba mbili zenye jina moja kwenye mashine. Ya zamani husoma ramani kuanzia mstari wa chini, mpya huanzia juu, kwa hiyo mawe yote ya Oltepesi yalikuwa yameingia kichwa chini miguu juu. Ramani ya Madam ilichapishwa kwa programu nyingine, ikakaa sawasawa, na ndiyo maana hakuna aliyeona kasoro. Na kosa lililotusumbua mwezi mzima? Njia tuliyoipa linka iliishia folda moja kabla ya ile yenye maktaba mpya. Hatua moja. Hata katika hofu niliyokuwa nayo niliona raha ya kulijua hilo, na ninaona raha hiyo mpaka leo.

Bishar akaandika amri nyingine. Ukatokea mstari mmoja mfupi wenye jina la faili na maelezo yake. Akausoma, mimi nikitazama feni.

"Nani aliweka hii hapa?"

"Labda ilikuja na mashine," nikasema. "Si ni ya mtumba."

Aliusoma ule mstari tena, polepole, kwa muda ambao ningeweza kusema sentensi nzima.

"Labda," akasema.

Kesho yake tulikaa ofisini kwa Madam, Kajiado, ramani mpya imekunjuliwa kati yetu na alama nyekundu imehamia kaskazini. Kwa kuwa mashine ilikuwa ya Bishar, maswali yote yalimwendea Bishar.

"Daftari ni ya nani?"

"Yangu, Madam."

"Si wewe husema hakuna kitu inaguswa bila kuandikwa? Sasa hii iliingia aje?"

Alikuwa ameketi upande wangu wa kulia, karibu kiasi cha viwiko vyetu kugusana. "Nilipaswa kuangalia," akasema.

"Tungechimba mwamba, Bishar. Mbele ya wale kina mama wote." Halafu Madam akanigeukia, sauti ikapungua ukali. "Angalau wewe uliifanya ikajengeka."

Nilifungua mdomo. Nakumbuka ladha ya hewa ya chumba kile, karatasi na chai iliyopoa. Nikasema, "Asante, Madam."

Mtambo ulikuja, ukachimba kaskazini mwa korongo, na siku ya pili maji yakatoka, yana chumvi kidogo lakini ng'ombe hawakubagua. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa na meza yangu Kajiado. Bishar alikuja kunipongeza, akaniletea kitambaa cha shati kutoka kwa Abti, akaondoka kwenda Wajir na baadaye ng'ambo. Nimefundisha vijana wengi tangu hapo. Huwaambia wote waanze na kosa la kwanza, wabadilishe kitu kimoja, wasiguse kabla ya kuandika, nao hudhani utaratibu huo ni wangu. Sijawahi kuwasahihisha. Nimelala na jambo hili, nimeamka nalo, nimekaa nalo kanisani. Nilijiambia kwamba kisima kilipatikana, kwa hiyo hakuna aliyeumia.

Baada ya mazishi tulikwenda kula Kitengela, katika hoteli ya Wasomali kando ya barabara kuu, mahali ambapo zamani palikuwa uwanja mtupu. Aliongea habari za watoto wake, mimi nikaongea habari za mvua. Pilau ililetwa. Nikaona kwamba nisiposema wakati huo nitamzika na yeye, au yeye anizike mimi, na bado sijasema.

"Bishar. Ile maktaba ya zamani. Ni mimi niliweka."

Aliendelea kutafuna, akameza, akanywa maji.

"Ijumaa," akasema. "Saa saba na dakika kumi na moja. Faili hukaa na saa yake, Leshan. Hiyo saa mimi nilikuwa nimesujudu."

"Ulijua siku ile?"

"Ile amri ya pili. Niliona hapo hapo."

"Na kwa Madam ukanyamaza?"

"Ulikuwa umeketi kando yangu," akasema. "Nilikuwa nakungoja useme wewe."

Macho yangu yalijaa, na sikuona haya. Nilimuuliza alingoja mpaka lini.

"Mpaka saa hii," akasema.